Kabla ya Kutia Saini Barua ya Kuachisha Kazi: Mwongozo kwa Mwajiri wa Tanzania Bara

Wizi wa mali ya ghala, utoro wa muda mrefu na ukaidi uliokithiri ni makosa ambayo sheria ya kazi inayatambua kuwa yanaweza kumwondoa mfanyakazi kazini. Hata hivyo, katika mashauri yanayoamuliwa na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi huijua kwa kifupi chake cha CMA, na katika hukumu za Divisheni ya Kazi ya Mahakama Kuu na za Mahakama ya Rufani, hujirudia hali ileile: mwajiri mwenye malalamiko ya kweli anaamriwa kumlipa mtu aliyemwachisha kazi, kwa kuwa alipotakiwa kuonyesha jinsi alivyofikia uamuzi wake hakuwa na cha kuonyesha zaidi ya barua yenyewe. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwajiri wa kawaida, awe na duka lenye wasaidizi watano, shule binafsi, hoteli au kiwanda, ili ajue afanye nini kabla mambo hayajafika huko.

Msingi: nani anathibitisha nini

Katika madai mengi ya kawaida, anayelalamika ndiye anayebeba mzigo wa uthibitisho, yaani wajibu wa kuleta ushahidi unaotosha kuaminiwa. Katika shauri la kuachishwa kazi isivyo haki mzigo huo umegeuzwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, katika kifungu cha 39, inamtaka mwajiri athibitishe kwamba usitishaji wa ajira ulikuwa wa haki, na kifungu cha 37 kinataja mambo anayopaswa kuyathibitisha: kwamba sababu ilikuwa ya kweli, yaani jambo linalodaiwa lilitokea, kwamba sababu hiyo ilikuwa ya haki, yaani ilihusu mwenendo wa mfanyakazi, uwezo wake, kupatana kwake na wenzake kazini au mahitaji ya uendeshaji wa shughuli, na kwamba utaratibu uliofuatwa kumwachisha ulikuwa wa haki.

Mambo hayo hutazamwa kwa pamoja. Mwajiri aliyethibitisha wizi lakini hakumsikiliza mtuhumiwa amevunja sheria, kama alivyoivunja aliyeitisha kikao kizuri cha nidhamu kwa kosa ambalo halikutokea, ingawa uzito wa makosa hayo mawili haulingani linapokuja suala la fidia.

Kiwango cha fidia ndicho kinachofanya suala hili lisiwe la kudharauliwa. Sheria ilipotungwa mwaka 2004, kifungu cha 40 kilimpa mwamuzi njia tatu: kuamuru mfanyakazi arudishwe kazini bila kupoteza malipo yake ya kipindi chote alichokuwa nje, kuamuru aajiriwe upya kwa masharti yatakayowekwa, au kuamuru alipwe fidia isiyopungua mishahara ya miezi 12. Kwa Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inaifanya mishahara ya miezi 12 kuwa kikomo cha juu cha fidia, ilhali sheria ya Tanzania iliifanya kuwa kiwango cha chini. Mwajiri mwenye matawi katika nchi zote mbili asichukue uzoefu wa Mombasa akautegemea Tanga.

Mahakama zimelegeza ukali huo kwa kiasi. Katika uamuzi wa mwaka 2021 uliotolewa Bukoba, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba pale sababu ilipothibitika na kasoro ikabaki kwenye utaratibu peke yake, fidia inaweza kuwa chini ya miezi 12. Huo ni unafuu kwa mwajiri, lakini ni unafuu wa mtu ambaye tayari ameshindwa shauri.

> ANGALIZO
> Maelezo haya yanahusu Tanzania Bara. Zanzibar ina Sheria ya Ajira yake, Namba 11 ya mwaka 2005, na watumishi wa umma wa Bara wana utaratibu wao wa nidhamu na rufaa chini ya Sheria ya Utumishi wa Umma. Namba za vifungu zinazotajwa ni za sheria kama ilivyotungwa mwaka 2004. Sheria hiyo imerekebishwa mara kadhaa, hivi karibuni mwaka 2025, na matoleo yaliyofanyiwa urekebu huweza kupangwa kwa namba nyingine. Kabla ya kutegemea kifungu au kiwango chochote, mwajiri afungue toleo linalotumika siku hiyo.

Nyaraka za siku ya kwanza

Ulinzi wa mwajiri huanza siku anapoajiri. Kifungu cha 15 kinamtaka ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi yanayotaja jina, umri, jinsia na anwani ya kudumu ya mfanyakazi, mahali alipoajiriwa, maelezo ya kazi, tarehe ya kuanza, aina na muda wa mkataba, kituo cha kazi, saa za kazi, pamoja na ujira, namna unavyokokotolewa na manufaa mengine. Maelezo hayo yanatakiwa kutunzwa kwa miaka mitano baada ya ajira kwisha. Uzito wa sharti hili huonekana kwenye shauri, kwa kuwa mwajiri asipoweza kutoa mkataba au maelezo hayo, wajibu wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa humwangukia yeye. Mfanyakazi akidai kwamba mshahara wake ulikuwa shilingi 600,000 na mwajiri akasema ulikuwa 350,000 bila karatasi yoyote, mwajiri ndiye aliye matatani.

"Mahali alipoajiriwa" ni maneno ambayo waajiri wengi huyajaza bila kufikiri, nayo yana gharama. Mfanyakazi aliyeajiriwa Songea kisha akaachishwa akiwa Dar es Salaam anastahili, chini ya kifungu cha 43, kusafirishwa yeye na mizigo yake hadi Songea au kulipwa gharama hiyo, na kulipwa posho ya kujikimu kwa siku zinazopita kati ya kuachishwa na kusafirishwa. Posho hiyo huendelea kujikusanya mwajiri akiwa amekaa kimya, na shauri likichukua muda mrefu inaweza kuukaribia au kuuzidi mshahara wenyewe.

Pamoja na mkataba, kuwe na kanuni za nidhamu zilizoandikwa kwa lugha ambayo wafanyakazi wanaielewa, na kuwe na ushahidi kwamba walizipokea. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 (Tangazo la Serikali Namba 42) zinamtaka mwamuzi aulize kama kulikuwa na kanuni iliyovunjwa, kama ilikuwa ya busara na iliyo wazi, kama mfanyakazi aliijua, kama mwajiri ameitumia kwa usawa kwa wote, na kama kuachishwa kazi kulikuwa adhabu inayolingana na kosa. Swali la usawa huwaangusha wengi: dereva mmoja ameachishwa kwa kubeba abiria wa njiani, mwingine aliyefanya hivyohivyo mwezi uliotangulia alipewa onyo la mdomo, na hakuna anayeweza kueleza tofauti.

Kosa la nidhamu: hatua kwa hatua

Hapa ndipo mashauri mengi hupotelea, na kwa hiyo panastahili kukaliwa kwa muda. Shabaha ya utaratibu huu ni kumpa mtuhumiwa nafasi halisi ya kubadili mawazo ya anayemhukumu. Katika shauri la mwaka 2009 lililohusu benki moja ya Mwanza, Divisheni ya Kazi ilieleza kwamba kanuni hizi hazipaswi kutumiwa kama orodha ya kuwekea alama za vema, bali kinachotazamwa ni kama misingi ya kusikilizwa kwa haki ilizingatiwa. Kauli hiyo huwapa ahueni waajiri wadogo wasio na idara ya rasilimali watu, lakini pia huwaonya wale ambao nyaraka zao zote zimekamilika ilhali uamuzi ulishafanyika kabla ya kikao.

1. Uchunguzi. Mwajiri achunguze kwanza kama kuna msingi wa kumwita mfanyakazi kujibu tuhuma: ahesabu mali, asikilize mashahidi na kuwaandika, akusanye hati, kisha aandike ripoti fupi. Anayechunguza asiwe ndiye atakayeongoza kikao.

2. Kusimamisha kazi, pale inapolazimu. Mfanyakazi anaweza kusimamishwa kazi akisubiri kikao iwapo kuwepo kwake kunaweza kuharibu uchunguzi, lakini kwa mshahara kamili. Kusimamisha mtu bila malipo, au kwa nusu mshahara, ni kumwadhibu kabla ya kumsikiliza.

3. Hati ya tuhuma. Mfanyakazi apewe tuhuma kwa maandishi na kwa lugha anayoielewa, zikitaja tukio, tarehe, mahali na kanuni iliyovunjwa. Tuhuma ya "utovu wa nidhamu" bila maelezo haijibiki. Mlinzi au mhudumu anayetumia Kiswahili pekee akipewa tuhuma kwa Kiingereza cha kisheria, mwajiri amejiwekea kasoro mwenyewe.

4. Muda wa kujiandaa. Muda huo usipungue saa 48 tangu apokee tuhuma. Aliyekabidhiwa barua saa kumi jioni akaitwa kikaoni kesho yake asubuhi hakupewa muda, hata kama alifika kikaoni bila kulalamika.

5. Ushahidi utakaotumika. Kama uamuzi utategemea ripoti ya uchunguzi, mtuhumiwa apewe nakala yake kabla ya kikao. Mwaka 2020, katika shauri lililotoka Dodoma, Mahakama ya Rufani ilitilia uzito kwamba wafanyakazi hawakupewa ripoti ya uchunguzi iliyohusu tuhuma zao, kwa maana haiwezekani mtu kujitetea dhidi ya waraka asiouona.

6. Kikao. Mwenyekiti awe mtu wa ngazi ya kutosha katika uongozi ambaye hakuhusika na tukio. Mfanyakazi anaruhusiwa kusindikizwa na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake, kuwauliza maswali mashahidi wa mwajiri na kuleta wake. Muhtasari uandikwe kwa ukamilifu, na waliohudhuria watie saini. Katika biashara ya familia, ambapo mmiliki ndiye aliyeibiwa, ndiye aliyemkamata mtuhumiwa na ndiye bosi wa wote, ni busara kumwomba mtu wa nje asiyefungamana na upande wowote aongoze kikao.

7. Maelezo ya kupunguza adhabu. Kosa likithibitika, mfanyakazi asikilizwe tena kuhusu adhabu: muda aliotumika, rekodi yake na mazingira ya kosa. Hatua hii ndiyo inayosahaulika kuliko zote, pengine kwa kuwa kufikia hapo mwajiri anakuwa amekasirika na kuchoka. Kanuni zinasema wazi kwamba kosa la kwanza halitoshi kumwachisha mtu isipokuwa liwe zito kiasi cha kuufanya uhusiano wa kazi usivumilike, kama vile kukosa uaminifu kwa kiwango kikubwa, kuharibu mali kwa makusudi, kuhatarisha usalama wa wengine kwa makusudi, uzembe mkubwa, kumshambulia mtu au ukaidi uliokithiri.

8. Uamuzi. Mfanyakazi apewe nakala ya uamuzi yenye sababu kwa kifupi na aelezwe haki yake ya kukata rufaa ndani ya taasisi au kupeleka mgogoro CMA.

Polisi si kikao cha nidhamu. Baadhi ya waajiri humpeleka mtuhumiwa kituoni na kuona wamemaliza kazi. Kuripoti jinai ni haki yao, lakini kesi ya polisi haichukui nafasi ya kikao, na kifungu cha 37 kinakataza kumwadhibu au kumwachisha kazi mfanyakazi aliyeshtakiwa mahakamani kwa kosa ambalo kimsingi ni lilelile hadi kesi hiyo na rufaa yake viishe. Anayetaka kushughulikia nidhamu na jinai kwa pamoja atafute ushauri wa wakili kabla mashtaka hayajafunguliwa.

"Aliacha kazi mwenyewe"

Utetezi huu hutolewa mara kwa mara na hushindwa mara kwa mara. Sheria inahesabu kuwa ni kuachishwa kazi pale mfanyakazi anapojiuzulu kwa sababu mwajiri ameifanya kazi isivumilike. Mwamuzi hutazama kama mwajiri ndiye aliyesababisha hali hiyo na kama kuondoka ndiko kulikuwa njia pekee ya busara iliyobaki, ikiwa ni pamoja na kama mfanyakazi alitumia kwanza njia za malalamiko zilizopo. Unyanyasaji wa kingono, au kushindwa kumlinda mfanyakazi dhidi yake, umetajwa waziwazi katika kanuni. Mwajiri anayemweka mfanyakazi chumbani na karatasi mbili mezani, moja ya kujiuzulu na moja ya kuachishwa, akamtaka achague, asitegemee kwamba saini iliyopatikana hivyo itamwokoa.

Kwa mfanyakazi aliyetoroka kazini, mwajiri asifunge jalada kimya kimya. Amwandikie barua kwa anwani yake ya mwisho, ampigie simu na kuandika tarehe na saa, amwite kikaoni kwa maandishi, na asipofika, kikao kifanyike bila yeye na uamuzi utumwe kwake.

Mikataba ya muda na ya majaribio

Mkataba wa muda maalumu huisha wenyewe siku yake inapofika. Tatizo huzuka pale mfanyakazi anapokuwa na matarajio ya haki ya kuongezewa muda, ambayo yeye ndiye anayepaswa kuyaonyesha, kwa mfano kwa kuthibitisha kwamba mkataba umehuishwa mara kadhaa huko nyuma au kwamba aliahidiwa. Meneja anayemwambia mwalimu mwezi Oktoba "Januari tuko pamoja" ametoa ahadi kwa niaba ya shule. Mwajiri asiyekusudia kuendelea aseme mapema na kwa maandishi, na asimwache mtu aendelee kufanya kazi baada ya mkataba kwisha.

Mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri huyohuyo, hata kama ni kwa mikataba zaidi ya mmoja, hawezi kudai kuachishwa isivyo haki chini ya sehemu hiyo ya sheria. Mahakama ya Rufani pia iliamua mwaka 2019 kwamba kupita kwa muda wa majaribio hakumfanyi mtu athibitishwe kazini papo kwa papo. Mambo hayo yasigeuzwe kuwa ruhusa ya kumweka mtu katika majaribio yasiyokwisha: kanuni zinataka muda huo usizidi miezi 12, na mfanyakazi aelezwe mapungufu yake, asikilizwe na apewe nafasi ya kujirekebisha. Huo ndio pia mwenendo wa kufuata kwa mfanyakazi wa kudumu ambaye kazi yake hairidhishi, ambaye kwake onyo lisiloambatana na maelekezo wala muda wa kujirekebisha halina thamani.

Kupunguza wafanyakazi

Mauzo yakishuka au mradi ukiisha, mwajiri ana haki ya kupunguza watu, ila kifungu cha 38 kinamtaka atoe notisi ya kusudio, atoe taarifa zote muhimu, na ashauriane na chama cha wafanyakazi, au na wafanyakazi wenyewe wasiowakilishwa, kuhusu sababu, njia za kuepuka au kupunguza idadi, vigezo vya kuchagua watakaoondoka, wakati wa utekelezaji na kiinua mgongo. Mashauriano maana yake ni kwamba jambo bado halijaamuliwa. Mkutano wa saa tatu asubuhi unaofuatwa na barua zilizokwisha kuchapwa saa tano ni tangazo, na mwamuzi hulitambua kwa kulinganisha tarehe. Mashauriano yasipozaa makubaliano, suala lipelekwe kwenye usuluhishi kabla ya kuendelea. Vigezo navyo vielezeke: urefu wa utumishi, ujuzi na mahitaji ya kazi, wala si majina yaliyochaguliwa kwanza na vigezo kutafutwa baadaye.

Orodha ya kukagua kabla ya barua kutoka

☐ Mkataba, kanuni za nidhamu na rekodi za maonyo zimo katika jalada.
☐ Sababu inayotajwa kwenye barua ni ileile iliyojadiliwa kikaoni.
☐ Muhtasari wa kikao umetiwa saini na nakala ya uamuzi imepokewa.
☐ Sababu halisi haihusiani na ujauzito, ulemavu, uanachama wa chama cha wafanyakazi au hatua ya mfanyakazi kudai haki yake.
☐ Notisi imehesabiwa: kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28, kwa anayelipwa kwa siku au kwa wiki ni siku 4, na katika mwezi wa kwanza wa ajira ni siku 7.
☐ Kiinua mgongo kimehesabiwa kwa anayestahili: mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, usiozidi miaka 10, kwa aliyetumika angalau miezi 12. Aliyeachishwa kwa haki kutokana na utovu wa nidhamu hakipati.
☐ Mshahara wa siku zilizofanyiwa kazi, likizo ambayo haikuchukuliwa, usafiri na hati ya utumishi viko tayari.

Wito wa CMA ukifika

Mfanyakazi anapaswa kufikisha mgogoro wa kuachishwa kazi ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60, kwa kujaza fomu namba moja ya Tume na kumpa mwajiri nakala. Mwajiri aangalie kwanza tarehe. Madai yaliyochelewa bila maombi ya kuongezewa muda yana pingamizi la msingi.

Asidharau wito. Asiyefika anaweza kuamuliwa dhidi yake bila kusikilizwa, na kulitengua jambo hilo baadaye ni kazi kubwa. Anaweza kuwakilishwa na wakili, na chama cha waajiri alichojiunga nacho, kama Chama cha Waajiri Tanzania, au na mwakilishi aliyemchagua. Hatua ya kwanza ni usuluhishi, ambamo msuluhishi hatoi hukumu bali husaidia pande mbili kukubaliana. Mwajiri aende huko akiwa ameshapitia jalada lake kwa ukweli: kama mtuhumiwa hakupewa saa 48, au ripoti ya uchunguzi haikutolewa, kulipa kiasi kilichokubaliwa mapema ni nafuu kuliko kutetea kasoro hiyo miaka miwili. Makubaliano yaandikwe yakitaja kila stahili, tarehe ya malipo na kwamba yanamaliza mgogoro wote.

Usuluhishi ukishindikana, mwamuzi husikiliza ushahidi na kutoa tuzo, yaani uamuzi unaotekelezwa kama hukumu ya mahakama. Hapa mwajiri alete mashahidi walioona wenyewe, si meneja aliyesimuliwa, na atoe kila hati rasmi kama kielelezo. Asiyeridhika na tuzo ana wiki sita za kuomba mapitio Divisheni ya Kazi, na kutoka hapo rufaa kwa Mahakama ya Rufani ni kwa hoja za kisheria pekee. Maombi ya mapitio hayazuii utekelezaji peke yake, zuio huombwa. Wala mapitio si nafasi ya pili ya kuleta ushahidi, kwa sababu jaji hutazama yaliyomo katika kumbukumbu za Tume, na muhtasari wa kikao uliobaki kwenye kabati la ofisi siku ya kusikilizwa hautakuwa miongoni mwake.